Je, Wajua? Vita vya Matabaka Kwenye Kiti cha Treni, Uwanja wa Mpira na Mchezo wa Sebuleni

Kaa mkao wa kula. Habari za matabaka, yaani nani anamiliki kiwanda na nani anauza jasho lake ndani ya kiwanda hicho, hazikai kwenye vitabu vya uchumi peke yake. Zimo kwenye saa ya kuanza mechi, kwenye paa la behewa, hata kwenye moyo wa karani wa serikali. Haya ni machache tu kati ya niliyoyaokota huku na huko.

Mechi ya saa 9 alasiri ilipangwa na kengele ya kiwanda

Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba wanawake na vijana wa viwanda vya nguo waachiwe saa 8 mchana kila Jumamosi. Kabla ya hapo Jumamosi ilikuwa siku ya kazi kama Jumanne tu. Nusu siku hiyo ikaenea hadi kwa wanaume na kwenye kazi nyingine, na mpira ukapata nafasi yake: kengele inalia, mtu anakula, anatembea hadi uwanjani, kipenga kinapulizwa saa 9. Shabiki wa Mwanza au Kisumu anayejibana kwenye kibanda umiza Jumamosi saa 11 au saa 12 jioni, kutegemea majira ya kule, anafuata ratiba ya wafuma nguo wa enzi ya Malkia Victoria.

Wafumaji 2, mabwanyenye 1

Tarehe 31 Machi 1883, kwenye uwanja wa Kennington Oval jijini London, fainali ya Kombe la FA ilikutanisha dunia mbili. Upande mmoja walikuwa Old Etonians, mabingwa watetezi, waungwana waliosoma Eton, shule ya watoto wa wenye nazo. Upande wa pili Blackburn Olympic kutoka Lancashire: wafumaji, wafanyakazi wa karakana ya chuma, fundi bomba, na golikipa ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kumsaidia daktari wa meno. Tena makabwela hawa walijiandaa. Kabla ya mechi walipelekwa kambi ya mazoezi huko Blackpool, ufukweni, kwa gharama za mwenye karakana mmoja wa mjini kwao. Waungwana waliona kitendo hicho si cha kiungwana hata kidogo.

Dakika 90 zikaisha 1-1. Muda wa nyongeza, Jimmy Costley, msokota nyuzi, akafunga la pili. Tangu siku ile hakuna timu ya waungwana wa ridhaa iliyowahi kulichukua tena kombe hilo. Miaka 2 baadaye chama cha soka kikaruhusu wachezaji walipwe, jambo ambalo waungwana walikuwa wakilipinga kwa nguvu zote. Ni rahisi kucheza bure kama baba yako ana mashamba.

Kwa faida ya wabishi wa kijiweni: Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, Manchester United ilianza mwaka 1878 kama timu ya wafanyakazi wa reli wa Newton Heath, na West Ham ilizaliwa kwenye karakana ya meli mwaka 1895.

Behewa la makabwela lilinyimwa paa kwa makusudi

Hili ndilo linalonikaa kichwani kuliko yote. Reli zilipokuwa changa, abiria wa daraja la tatu Uingereza walisafirishwa kwenye mabehewa ya wazi, kama mizigo, mvua yao, jua lao, moshi wa injini wao. Alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1841, treni iliparamia udongo ulioporomokea reli pale Sonning, na abiria 8 wa daraja la tatu wakafa papo hapo; mabehewa yao yalikuwa yamebanwa kati ya injini na mabehewa mazito ya mizigo. Wengi walikuwa waashi waliokuwa wakijenga Bunge jipya la London, wanarudi kwao kula Krismasi. Sheria ya mwaka 1844 ndiyo iliyolazimisha kila kampuni kuwa na angalau treni 1 kwa siku yenye behewa la kukinga mvua, kwa nauli isiyozidi peni 1 kwa maili.

Sasa sikia alichoandika mhandisi wa Kifaransa Jules Dupuit mwaka 1849. Kampuni za reli, alisema, hazikuacha kuweka paa kwa sababu paa ni ghali. Paa lilikuwa la vijisenti tu. Walitaka tu mwenye uwezo wa kulipia daraja la pili atazame lile la tatu, aogope, atoe pesa. Maskini aliloweshwa ili asiye maskini atishike! Ukipanda ndege ukapita viti vipana vya mbele kabla ya kufika chako cha nyuma, mkumbuke bwana Dupuit.

Wote walipandishwa daraja siku moja

Tarehe 3 Juni 1956 daraja la tatu lilifutwa kwenye reli za Uingereza. Abiria wake wote wakawa wa daraja la pili, kwenye viti vilevile.

Marx alilishwa na kiwanda cha nyuzi

Friedrich Engels, mwandani wa Karl Marx, alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda. Kwa takriban miaka 20 alikaa ofisini Manchester kwenye kampuni ya pamba ya Ermen & Engels, ambamo baba yake alikuwa na hisa, huku akimtumia Marx pesa za kodi ya nyumba na chakula London. Enzi hizo hakukuwa na M-Pesa: Engels alikuwa akizikata noti vipande viwili kwa mkasi, nusu kwenye bahasha hii, nusu kwenye ile, mwizi wa posta asifaidi kitu. Siku za mapumziko alipanda farasi kwenda kuwinda mbweha pamoja na mabwanyenye wa Cheshire.

Fuatilia hesabu hiyo mpaka mwisho. Kitabu cha Marx kuhusu mtaji, juzuu la kwanza la mwaka 1867, kiliandikwa kwa pesa zilizotokana na jasho la wafanyakazi wa kiwandani. Meza waliyokuwa wakisomea pamoja mwaka 1845 bado ipo kwenye maktaba ya Chetham's, Manchester, kwenye kipembe chenye dirisha, na mgeni anaruhusiwa kukaa.

Na Marx mwenyewe, kwenye barua ya mwaka 1852, alikana kabisa kwamba yeye ndiye aliyegundua matabaka. Alisema wanahistoria wa kibwanyenye walikwisha kuyaeleza kabla yake.

Aliyetengeneza mashine ndiye aliyetengeneza nyundo ya kuivunja

Kati ya mwaka 1811 na 1816 mafundi wa nguo wa Uingereza waliingia viwandani usiku, nyuso wamezipaka masizi, wakazivunja mashine zilizokuwa zikiwashushia ujira. Walijiita Waluddi, wafuasi wa “Jenerali Ludd”, mtu ambaye huenda hakuwahi kuwepo. Huko Yorkshire nyundo yao kubwa waliipa jina la Enoch, kwa sababu ilitoka kwenye karakana ya Enoch Taylor wa Marsden. Karakana hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiwauzia matajiri mashine.

Serikali ilipeleka wanajeshi wapatao 12,000 kuwatuliza, wengi kuliko wale ambao Jenerali Wellington alikwenda nao Ureno mwaka 1808 kupigana na majeshi ya Napoleon. Mwaka 1812 kuvunja mashine kukawa kosa la kunyongwa. Mshairi Byron aliitumia hotuba yake ya kwanza katika Bunge la Mabwana kuipinga sheria hiyo, na haikusaidia.

Monopoly ulibuniwa kuwasema wenye nyumba

Ule mchezo wa ubaoni wa kununua mitaa na kutoza wenzako kodi mpaka wafilisike ulitoka kwa mwanamke aliyeuchukia mtindo huo wa maisha. Elizabeth Magie, karani wa hatimkato wa Marekani, alisajili mchezo wake tarehe 5 Januari 1904 ili kuonyesha jinsi mwenye ardhi anavyotajirika huku mpangaji akikauka. Baadaye aliupa kanuni za aina 2. Katika aina ya kwanza mmoja anawameza wote. Katika ya pili kila ardhi ikinunuliwa wote wanapata fungu, na mchezo unaisha yule aliyeanza na kidogo kabisa akishaongeza pesa zake maradufu.

Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilimlipa dola 500 kwa haki zote, basi. Utajiri ulikwenda kwa Charles Darrow, aliyeujulia mchezo huo nyumbani kwa marafiki na kuuza toleo lake kama ubunifu wake. Kanuni za pili, zile za wote kufaidika, zikatupwa kapuni.

Ford aliajiri watu 52,000 ili abaki na 14,000

Mwaka 1913 kazi ya mstari wa kuunganisha magari ya Ford, Detroit, ilichosha kiasi kwamba watu walikuwa wakiingia mlango huu wakitokea ule. Ndipo tarehe 5 Januari 1914 (ndiyo, miaka 10 kamili baada ya bibi Magie) Henry Ford alipotangaza ujira wa dola 5 kwa siku, karibu maradufu ya uliokuwepo, na saa 8 badala ya 9. Maelfu walifurika langoni kwenye baridi kali hadi wakamwagiwa maji ya mipira watawanyike. Masharti yalikuwepo: wakaguzi wa kampuni walipiga hodi majumbani kuangalia kama mfanyakazi analewa, anaweka akiba, anafagia.

Wapishi wa Mombasa nao waligoma

Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli wa Kilindini, wafanyakazi wa reli, wa mahotelini, hata wapishi na madobi wa majumbani kwa Wazungu, ambao ghafla ilibidi wachemshe chai yao wenyewe. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepandisha bei za vyakula na kodi za vyumba huku mishahara ikibaki palepale. Kila siku waliogoma walikutana kwenye uwanja wa mpira walioupa jina la Kiembeni. Makabila, dini na kazi mbalimbali, wote kwenye nyasi zilezile. Watawala walizoea kuwashughulikia Waafrika kabila moja moja, wakapata taabu.

Mgomo ulidumu karibu wiki 2. Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi lililotokana nao, alikamatwa Agosti mwaka huo na kuhamishiwa Kabarnet, mamia ya kilomita kutoka bandarini, akakaa huko takriban miaka 10. Lakini moto ulivuka mpaka: Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na habari zikapanda treni ya Reli ya Kati zikishuka stesheni baada ya stesheni. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Zanzibar.

Na mtu aliyesimama hadharani kwenye ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Aprili 1950, kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki alikuwa mwanachama wa vyama vya wafanyakazi, Makhan Singh, Mkenya mzaliwa wa Punjab. Alilipa kwa zaidi ya miaka 11 ya kuzuiliwa.

Matajiri wa Florence ni walewale tangu mwaka 1427

Wachumi wawili wa Benki Kuu ya Italia walilinganisha orodha ya walipa kodi wa Florence ya mwaka 1427 na ya mwaka 2011. Majina ya ukoo ya wenye kipato cha juu leo yanafanana na ya wale waliokuwa juu karibu miaka 600 iliyopita. Tauni, vita, Napoleon, Mussolini, vyote vimepita. Mkoba haukuhama nyumba.

Tarishi hufa mapema kuliko bosi wake

Tunasema bosi ndiye mwenye presha. Utafiti wa Whitehall, ulioanza London mwaka 1967 kwa wanaume karibu 18,000 watumishi wa serikali, ulikuta kinyume: matarishi na walinzi wa milango walikufa kwa maradhi ya moyo takriban mara 3 ya wakubwa wa ghorofa za juu. Sigara, mafuta ya damu na shinikizo vilieleza sehemu ndogo tu ya pengo. Na hawa si watu wa njaa, wote wana mshahara, wote wanatibiwa bure. Kila ngazi ilikuwa na afya mbovu kidogo kuliko iliyo juu yake.

Mei Mosi ilizaliwa Marekani, ambako si sikukuu ya wafanyakazi

Mgomo wa kudai saa 8 za kazi ulianza tarehe 1 Mei 1886, na Chicago ndiko ulikowaka zaidi. Siku 3 baadaye bomu likalipuka uwanja wa Haymarket, na mwaka uliofuata wanaharakati 4 wakanyongwa. Sehemu kubwa ya dunia huadhimisha tarehe hiyo tangu mwaka 1890. Marekani yenyewe, tangu mwaka 1894, hupumzika Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Waashi wa Melbourne walikuwa wamekwisha kupata saa zao 8 mwaka 1856, bila kupunguziwa ujira.

Bilionea alikiri: vita vipo, na upande wetu unashinda

Aliyesema hivyo mwaka 2006 ni Warren Buffett, mmoja wa matajiri wakubwa wa dunia, kwa gazeti la New York Times. Mwaka uliofuata akatoa hesabu. Kwenye mapato yake ya dola milioni 46 alilipa kodi ya asilimia 17.7, ilhali mpokea wageni wa ofisi yake alikatwa karibu 30. Na hakutafuta ujanja wowote wa kukwepa, alieleza. Alijaza fomu tu kama sheria inavyotaka.