Mashindano ya Majahazi: Chombo Huendaje Kinyume cha Upepo?



Sisi wa kanda ya kati tuko mbali na bahari. Kutoka Dodoma mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 450. Wengi wetu jahazi tumeliona kwenye picha tu. Lakini upepo tunaujua vizuri sana. Kila mwaka, baada ya kuvuna uwele na mtama, akina mama hukaa na ungo wakisubiri upepo. Ukija, makapi yanapeperuka na nafaka inabaki. Usipokuja, kazi imelala.

Basi, wenzetu wa pwani nao wanausubiri upepo. Wao wanautaka uwasukumie vyombo vyao. Na siku za sikukuu wanashindana nao. Leo tutaeleza mashindano hayo yanavyokwenda, na kwa nini yanatuhusu hata sisi tusiokuwa na bahari.

MASHINDANO YENYEWE

Katika kisiwa cha Lamu, nchini Kenya, majahazi hushindana siku ya Mwaka Mpya. Hushindana pia wakati wa sherehe za Maulidi, ambapo wageni hufika kutoka sehemu nyingi za pwani. Unguja nako kuna resi za ngalawa. Tamasha la Nchi za Jahazi lilipoanza Zanzibar mwaka 1998, resi hizo zikawa sehemu ya sherehe, na watu wakawa wanajaa ufukweni kushangilia.

Ngalawa ni mtumbwi uliochongwa kwa gogo la mti, mara nyingi mwembe. Pembeni una mbao mbili zinazouzuia usipinduke. Mbao hizo huitwa matengo. Jahazi ni kubwa zaidi, nalo huundwa kwa mbao zilizopigiliwa misumari. Vyote viwili vina mlingoti, yaani nguzo ndefu, na tanga, yaani kitambaa kikubwa kinachoshika upepo. Katika mashindano hakuna injini. Anayeshinda ni yule aliyeujua upepo kuliko wenzake.

UPEPO WA NYUMA NA UPEPO WA MBELE

Tuchukue mfano wa bandari mbili jirani, Dar es Salaam na Zanzibar. Umbali wake ni kama kilomita 70. Zanzibar iko upande wa kaskazini wa Dar es Salaam. Tuseme chombo kinakwenda kilomita 10 kwa saa. Gawanya 70 kwa 10. Safari ni saa 7.

Lakini hesabu hiyo ni ya upepo ukikubali. Pwani ina pepo mbili kubwa. Upepo wa kusi hutoka kusini, tangu Mei hivi mpaka Septemba. Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini, tangu Desemba hivi mpaka Machi. Kwa hiyo sikukuu ya Saba Saba, mwezi wa Julai, chombo kinachotoka Dar es Salaam husukumwa kutoka nyuma. Lakini sikukuu ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari, nahodha anapigwa na kaskazi usoni.

Sasa je, akae bandarini mpaka Mei?

KUPIGA BISHA

La, hakai. Ni kweli kwamba hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Tanga litapigapiga tu kama nguo iliyoanikwa. Lakini chombo kinaweza kwenda mshazari. Nahodha anakielekeza upande wa kulia wa upepo, anakwenda kitambo. Kisha anageuza, anakwenda upande wa kushoto. Kisha kulia tena. Watu wa pwani huita kupiga bisha. Ni kama kupanda kilima kikali. Hupandi wima, unafuata njia ya kupinda-pinda, na mwisho unafika juu.

Mtu atauliza: Upepo unaotoka mbele unawezaje kukipeleka chombo mbele? Hapa ndipo penye siri. Chukua mbegu mbichi ya tikiti. Ibane kwa vidole viwili. Itachopoka na kwenda mbele, ingawa vidole vimeibana kwa pembeni.

Chombo nacho kinabanwa vivyo hivyo. Upande mmoja upepo unalisukuma tanga lililokazwa mshazari. Upande wa pili maji yanauzuia mkuku, yaani ule uti wa chini wa chombo, usisogee pembeni. Kwa kuwa hakiwezi kwenda pembeni, chombo kinachopoka mbele.

Bila shaka njia inakuwa ndefu. Chombo chepesi cha kisasa kikipiga bisha, zile kilomita 70 zinakuwa kama 100. Jahazi haliwezi kuukaribia upepo kiasi hicho, kwa hiyo njia yake ni ndefu zaidi. Zile saa 7 zinaweza kuwa saa 12 au kuzidi. Lakini linafika.

NAHODHA NA WATU WAKE

Upepo unaposukuma tanga, chombo hulala upande. Kikilala sana, kinapinduka. Ndiyo sababu mabaharia huhamia upande upepo unakotoka. Katika vyombo vya Lamu hutolewa ubao mrefu nje ya chombo, na watu hukaa juu ya ubao huo, maji yanapita chini yao. Uzito wao ndio unaokiweka chombo sawa. Nahodha akigeuza, wote wahame mara moja. Mmoja akichelewa, wote wanaingia majini.

Hapo ndipo utakapoelewa ile methali: Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mmoja anashika usukani. Mwingine anashika demani, yaani kamba ya kuvutia tanga. Wengine wanafuata amri. Si suala la ubwana. Ni kwamba upepo haungoji kikao.

KUJUA KURUDI

Sasa tuangalie nchi ya mbali. Huko Australia kuna mashindano yanayoanza kila tarehe 26 Desemba, siku moja baada ya Krismasi. Yalianza mwaka 1945. Vyombo hutoka mji wa Sydney kwenda mji wa Hobart, zaidi ya kilomita 1,100.

Mwaka 1998 viliondoka vyombo 115. Dhoruba kali ikavikuta njiani. Vyombo 44 tu ndivyo vilivyofika. Vitano vilizama. Watu 55 waliokolewa, na watu 6 walikufa. Nao walikuwa na redio na vifaa vizuri. Lakini manahodha wengi waliiona hali, wakageuza, wakatafuta bandari ya karibu.

Je, hao waliogeuza walishindwa? Sisi tunasema hapana. Waliwarudisha watu wao nyumbani.

NA SISI JE?

Kwanza, hata kanda ya kati ina maji. Ndugu zetu wanavua samaki katika Bwawa la Mtera, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, na katika Bwawa la Hombolo. Mtumbwi hauna matengo. Upepo ukizidi, mawimbi yanainuka upesi. Basi usijaze watu kupita kiasi. Usisimame ovyo. Vaa boya la kujiokolea. Na ukiona upepo unabadilika, rudi nchi kavu. Samaki wa kesho wapo.

Pili, mashamba yetu nayo yanakwenda na majira ya pepo hizo. Kaskazi inapovuma pwani, jua limehamia kusini, na mkanda wa mawingu ya mvua umelifuata. Ndio wakati wa mvua zetu, tangu Desemba mpaka Aprili. Kusi ikishika, mvua zimekwisha, na vumbi linaanza.

Kwa hiyo mkulima wa Dodoma na nahodha wa Lamu ni watu wa kazi moja. Nahodha mwenye akili hapangi safari kwa upepo wa mwaka jana. Mkulima naye asichague mbegu kwa mvua ya mwaka jana. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu kwa mikoa yetu kabla msimu haujaanza. Tuusikilize redioni. Ukisema mvua zitakuwa chache, tuongeze shamba la mtama na uwele, tupunguze la mahindi.

Utabiri unaweza kukosea. Hata nahodha hukosea. Lakini anayeangalia upepo kabla ya kutweka tanga hana majuto kama yule aliyeondoka bila kuangalia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka? Mwelezeni jirani kwa kutumia mbegu ya tikiti.

2. Chombo kinakwenda kilomita 10 kwa saa. Kitatumia saa ngapi kwenda kilomita 100?

3. Msimu uliopita, nani kijijini kwetu alisikiliza utabiri kabla ya kupanda? Alipanda nini, na alivuna nini?