Ugomvi wa Malipo ya Ujenzi: Kwa Nini Makandarasi Hukwepa Mahakama

Ndugu wafanyakazi wa ujenzi, wengi wenu mmepata kuona kazi ikisimama ghafla, na msimamizi akisema, "Mwenye mradi hajalipa." Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Basi yatupasa tujue tembo hao hupatana kwa njia gani.

Mkandarasi haendi mahakamani ila akikosa njia nyingine. Kesi huweza kuchukua miaka, na bei zake husomwa hadharani. Kwa hiyo hujiuliza: Fedha zitapatikana lini? Gharama ni kiasi gani? Nitataka tena kazi kwa mtu huyu? Majibu yake ndiyo humwonyesha njia.

(a) Mazungumzo. Haya hufaa deni likiwa dogo na pande mbili zikiaminiana.

(b) Upatanishi. Mtu wa tatu huwasaidia kuelewana, lakini hatoi amri. Hufaa kama wanataka kuendelea kufanya kazi pamoja.

(c) Baraza la migogoro. Hili ni la mtu mmoja au watatu wanaojua ujenzi. Mikataba mingi ya barabara na mabwawa hufuata vitabu vya FIDIC, shirikisho la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913. Kwa kitabu cha mwaka 1999, baraza hutoa uamuzi katika siku 84, nao hufuatwa mara moja. Asiyeridhika hutoa taarifa katika siku 28. Mkandarasi mwenye haraka ya fedha hupenda njia hii.

(d) Usuluhishi wa tuzo. Msuluhishi husikiliza pande zote na kutoa tuzo inayowafunga. Kenya ina sheria yake ya mwaka 1995, Uganda ya mwaka 2000, na Tanzania ya mwaka 2020. Kwa Mapatano ya New York ya mwaka 1958, tuzo huweza kudaiwa hata katika nchi nyingine, na ndiyo maana makandarasi wa kigeni huipenda. Lakini ni ghali, maana wagomvi wenyewe humlipa msuluhishi.

Sasa, sisi tunahusikaje? Kwanza, kitabu hicho cha mwaka 1999 humtaka mkandarasi aendelee na kazi wakati ugomvi ukiamuliwa. Akitaka kusimamisha kazi kwa kutolipwa, lazima kwanza ampe mwenye mradi taarifa ya siku 21. Mwakilishi wa wafanyakazi na aulize: Taarifa hiyo ilitolewa lini?

Pili, njia hizi zote ni za mkandarasi na mwenye mradi. Mshahara wa kazi uliyokwisha kuifanya ni deni la mwajiri wako, hata kama yeye mwenyewe anadai. Usikubali kuambiwa usubiri tuzo. Weka kumbukumbu ya siku ulizofanya kazi, uwaone viongozi wa chama, na dai lipelekwe kwa ofisa wa kazi mapema.