Hatimiliki Mkononi, Chimbuko Lake Je?

Septemba 18, 2017, Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliingia kwenye kiwanja kimoja cha Nyali na kuubomoa ukuta uliotazama bahari, ili wananchi wapate njia ya kushukia ufuoni. Mwenye kiwanja, kampuni ya Dina Management, alikuwa na hatimiliki. Alikinunua kwa kampuni nyingine, ambayo nayo ilikipata kwa Daniel arap Moi, aliyegawiwa mwaka 1989 akiwa Rais. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Kenya, na Aprili 2023 majaji wakaamua kwamba hati hiyo haimlindi mnunuzi, kwa kuwa ardhi yenyewe ilitengewa umma na ugawaji wa kwanza ulikiuka utaratibu. Kifungu cha 40 cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria, hata ikishapita mikono mingapi.

Wapo wanaolalamika kwamba hukumu hii inamwadhibu asiye na kosa. Mnunuzi alikagua sajili, akalipa, akasajiliwa na Serikali ile ile. Afanye nini tena? Malalamiko haya yana uzito, lakini tuyageuze upande wa pili. Kama kuuziana mara mbili tu kungetosha kuitakasa ardhi ya wizi, mnyakuzi angekuwa na kazi moja: kuuza haraka. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi viwanja vya shule, misitu na barabara vilivyogawiwa watu binafsi. Mtoto aliyepoteza uwanja wa kuchezea naye hana kosa, tena hakupata hata nafasi ya kukagua chochote.

Kinachobadilika ni kazi ya mnunuzi, na ya benki inayokopesha kwa dhamana ya hati. Cheti cha ukaguzi wa sajili huonyesha mwenye ardhi wa leo na madeni yaliyoandikishwa. Hakisemi wa kwanza aliipataje. Kwa hiyo wakili aitafute barua ya ugawaji, risiti za malipo na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Barua peke yake nayo haitoshi: Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises kuhusu ardhi ya Embakasi, mahakama hiyo hiyo ilisema barua ya ugawaji si hati, ni ofa tu inayosubiri masharti yatimizwe.

Hata hivyo, mzigo huu usiachiwe raia pekee. Faili zinazohitajika zimo katika ofisi za ardhi, na Serikali iliyotoa hati mbovu ndiyo yenye funguo. Izifungue faili hizo kwa kila anayetaka kununua, na imfidie aliyeiamini sajili yake kwa nia njema. Hadi hapo, anayelipia kiwanja kwa kuonyeshwa hati tu ananunua mbuzi kwenye gunia.