Je, Wajua? Mbwa wa Mara na simba wa Serengeti

Mbwa wa jamii kubwa huhesabiwa mzee akifikisha miaka 7 hivi. Nyonga humuuma, huinuka kwa shida asubuhi, na moyo huanza kuchoka. Lakini katika vijiji vya Tarime na Serengeti mkoani Mara, mbwa wanaolinda ng'ombe na boma wengi hawafiki umri huo. Baadhi huondolewa mapema na maradhi yenye chanjo.

Moja ni distempa. Mbwa hutokwa na makamasi mazito puani na tongotongo machoni, huharisha, ngozi ya nyayo huweza kuwa ngumu, kisha misuli hutukutika bila kukoma. Mwaka 1994 virusi vya ugonjwa huo viliingia mbugani na kuua takriban simba 1,000, yaani theluthi moja ya simba wa Serengeti. Watafiti waliwatazama kwanza mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, na kampeni za chanjo zikafuata.

Kampeni hizo huchanja pia dhidi ya kichaa cha mbwa, na hapa ni uhai wetu wenyewe: takriban wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa duniani hukipata kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza ni nadra sana mtu kupona. Mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha wahi hospitali siku hiyohiyo. Na chanjo ikija kijijini, mpeleke mbwa wako, hata yule mzee.