Nani Aliyesoma Vibao vya Krete?

Wajukuu zangu, leo sisemi paukwa, maana hii si ngano. Haina sungura wala zimwi, ila ina fumbo lililowashinda wasomi nusu karne.

Mwaka 1900, Mwingereza Arthur Evans alianza kuchimba mahali paitwapo Knossos, katika kisiwa cha Krete, ambacho leo ni sehemu ya Ugiriki. Akafukua kasri kubwa, na humo akakuta vibao vya udongo vimejaa alama. Makarani wa kale waliviandika udongo ungali mbichi, kisha wakavianika tu. Hawakuvichoma. Kwa kawaida vingemomonyoka, lakini kasri liliungua, na moto ule ule ulioteketeza mali za mfalme ukavioka vibao vikawa vigumu. Ndivyo vilivyodumu zaidi ya miaka 3,000.

Evans aliuita mwandiko huo wa Mistari B. Alifariki mwaka 1941 asiweze kuusoma. Wengine nao walibahatisha: huyu kaja na lugha yake, yule na yake, na hakuna aliyeweza kuthibitisha neno.

Alice Kober, mwalimu wa chuo huko Brooklyn, New York, alikataa kubahatisha. Kabla ya kuuliza alama inatamkwaje, alitaka kujua inatumikaje: inakaa mwanzo wa neno au mwisho? Inafuatana na ipi? Wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi ziliadimika, basi, ili kuandika aliyoyaona, akakata kadi za salamu, matangazo ya kanisa na karatasi zozote alizopata. Alijaza vipande vipatavyo 180,000 kwa mkono wake, akavipanga ndani ya makasha ya sigara.

Subira hiyo ilizaa jambo kubwa. Aliona maneno yanayoanza sawa lakini yanabadilika mwishoni. Tuchukue Kiswahili chetu: soma, some, somo. Tukiandika kila silabi kwa alama moja, "so" haitabadilika, ila alama ya mwisho itakuwa tofauti kila mara. Hata mgeni asiyejua Kiswahili anaweza kushuku kwamba alama hizo tatu za mwisho zina konsonanti moja na irabu tofauti. Kwa njia hiyo Kober alianza kuzipanga alama kwa undugu wa sauti zake bila kujua hata sauti moja. Alifariki mwaka 1950, akiwa na miaka 43, kazi haijaisha.

Aliyeimalizia alikuwa Michael Ventris, msanifu majengo wa Uingereza. Fumbo hili lilimwingia akiwa mvulana wa miaka 14, alipokutana na Evans kwenye maonyesho jijini London. Ventris aliipanua njia ya Kober, akachora jedwali la konsonanti na irabu. Kisha akajiuliza: maneno yanayojirudia katika vibao vya Krete, lakini hayapo katika vibao vya mwandiko uo huo vilivyopatikana Ugiriki bara, si huenda ni majina ya miji? Akajaribu, na yakatoka: ko-no-so, yaani Knossos, a-mi-ni-so, yaani Amnisos, bandari yake. Sauti hizo zikafungua maneno mengine, na lugha iliyojitokeza ilikuwa Kigiriki cha kale! Evans hakuwahi kuamini hivyo, na Ventris mwenyewe hakuitarajia. Alitangaza habari hiyo katika redio ya BBC mwaka 1952.

Waliotilia shaka walijibiwa mwaka uliofuata. Kibao kilichochimbwa Pylos, Ugiriki bara, kilikuwa na picha za vyombo kando ya maneno. Penye picha ya chungu cha miguu mitatu pakasomeka ti-ri-po-de, "vyenye miguu mitatu". Penye chombo kisicho na mkono, neno likasema hakina mkono.

Vibao havikuwa na mashairi wala visa vya vita. Vilikuwa daftari za hesabu: kondoo, sufu, mafuta, na posho ya wanawake waliofanya kazi. Lakini kwa hesabu hizo tunajua nani alichunga, nani alisuka, na nani alimiliki mali.

Krete kuna mwandiko mwingine mkongwe zaidi, wa Mistari A, ambao hadi leo hakuna aliyeweza kuuelewa. Anayetaka kuujaribu na aanze alikoanzia Kober: apange kwanza, akisie baadaye.