Posho ya ugenini

Mzee mmoja alikuja kwenye biro yetu ya sendika hapa Salamabila siku ya posho, asubuhi, akiwa na koti la mvua na karte ya uchaguzi ya mtoto wake mkononi. Hakuja kwa mambo ya mishahara. Aliketi, akaomba maji, kisha akasema: "Ndugu delege, mutoto anataka kuvuka kwenda Tanzania. Ninyi mulikaa kule. Muniambie ukweli, musinifurahishe."

Wazee wa namna hiyo tunawapokea kila mara. Tangu kazi ya kampuni iliposimama Namoya mwaka 2019, jamaa nyingi za wachimbaji hapa Kabambare zinahesabu njia tatu: kushuka tena katika shimo, kurudi shamba, ao kuvuka ziwa. Sisi wa sendika si biro ya safari. Lakini wengi kati yetu tulikuwa wakimbizi zamani, ndiyo maana tunaulizwa, na tumeona afadhali tuandike yale tunayojibu.

Tulivuka kwa nyakati mbalimbali. Wengine mwisho wa mwaka 1996, wakati wa vita ya AFDL, wengine baada ya vita ya pili kuanza Agosti 1998. Tulipita upande wa Fizi mpaka Baraka, wengine walizunguka Kalemie, kisha ziwa, kisha Kigoma. Kutoka pale tulipelekwa Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka ule wa 1996. Tulipewa turubai, sufuria, blanketi na karte yenye hesabu ya watu wa nyumba. Tulifikiri tutakaa miezi mitatu. Kuna mama mmoja alikataa kupanda hata mti wa papai mbele ya nyumba, akisema papai itazaa akiwa amesharudi kwao. Majirani walikula mapapai yao miaka mingi, yeye akiomba.

Kitu cha kwanza kilichotusumbua hakikuwa vita wala serikali, kilikuwa tumbo. Huku kwetu ni inchi ya mchele, ya bugali ya muhogo na sombe. Kule tulipewa unga wa mahindi, maharagwe, mafuta na chumvi, na kila mara mahindi. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ya ugenini ikawa kubadilisha: unapeleka mahindi kwa wanakijiji Waha, unarudi na muhogo, na katika kubadilisha unapoteza. Watu wa mbali wakiona mkimbizi anauza chakula chake wanasema ameshiba. Hajashiba. Anatafuta kile ambacho mtoto wake atakubali kumeza.

Na lile neno lenyewe, posho, lilitufikirisha sana katika mstari. Babu zetu waliofanya kazi kwa kampuni za Wabeleji walikuwa wanapewa chakula cha juma kwa siku moja, na siku ile ikabaki na jina mpaka leo: siku ya posho. Mtanzania anaiita Jumamosi. Ukimwambia "tutaonana siku ya posho", yeye anafikiri kuna feza zinagawiwa, kwa sababu kwake posho ni zile feza anazopewa mtu wa mkutano ao wa safari. Babu alipanga mstari kisha kazi. Sisi tulipanga mstari bila kazi. Kwa mwanaume aliyezoea kushika sururu, hiyo ni aibu ambayo haielezeki kwa mtu wa biro.

Lugha, kila mtu alitudanganya kwamba haitakuwa shida: si wote tunasema Kiswahili? Ndiyo, tunasema, lakini kila mmoja na chake. Sombe yetu wao wanaita kisamvu. Feza zetu ni pesa. Mtoto wetu alimwambia mzee wa kijiji "jambo, papa", akaonekana hana adabu, kwa sababu kule mtoto anasema "shikamoo" na anangoja "marahaba". Na munganga! Mama mmoja wa kwetu alikuwa amebeba mtoto mwenye homa, jirani Mtanzania akamuuliza anakwenda wapi. "Kwa munganga." Jirani akashika kichwa: mtoto anaungua hivi, unampeleka kwa mganga? Mpeleke hospitali! Mama akajibu kwa hasira kwamba ndiko anakokwenda. Wakabishana njiani, wote wawili wakitaka kitu kimoja. Leo tunacheka. Lakini mwenzetu ambaye hakujifunza maneno ya kule aliendelea kulipa bei ya mgeni sokoni, na yule aliyejifunza haraka ndiye aliyekuwa anaitwa kusaidia wengine. Kama unavuka, usibishane ni Kiswahili cha nani kilicho cha kweli. Sema chao ukiwa kwao. Chako hakitaoza.

Sasa tuseme kazi, maana ndiyo mzee alikuja kuulizia.

Kuna sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998. Mkimbizi anakaa kambini, na kutoka anahitaji ruhusa. Sisi tuliambiwa mpaka ni kilometa 4. Wengi walitoka bila karatasi kwenda kulima vibarua kwa wanakijiji, wakalipwa kidogo, wengine wakalipwa muhogo, na kama mwenye shamba hakutaka kulipa hukuwa na pa kushitaki, kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa umevunja sheria kwa kufika pale. Tunaomba vijana waelewe vizuri hapo. Mshahara mdogo unaweza kuupigania. Ukiwa huna haki ya kuwa mahali unapofanyia kazi, hakuna sendika itakayokushika mkono.

Na dhahabu? Kila kijana wa Salamabila anafikiri kwamba kwa kuwa Tanzania ina dhahabu nyingi, upande wa Geita, basi mikono yake itapata bei. Mikono ni mizuri, hatubishi. Lakini leseni ndogo ya uchimbaji kule ni ya raia wa Tanzania peke yao. Tusiwalaumu: hata kwetu karte ya mchimbaji mdogo inatolewa kwa Mkongomani tu, na mgeni akionekana shimoni tunakuwa wa kwanza kupiga kelele. Mgeni kule anakuwa kibarua wa mtu, bila jina popote. Shimo likianguka, nani atajua alikuwa ndani?

Hata hivyo hatutaki kusema kwamba ufundi wetu haukutufaa. Tulikuwa na mzee wa shimo mmoja, mtu aliyekuwa anaweza kushika jiwe, kulilamba na kukuambia kama linafaa kutwangwa. Mwaka wa kwanza kambini alikaa mlangoni. Alihesabu malori. Mke wake ndiye alikuwa anatoka. Huku alizoea kutwanga mawe ya dhahabu, kule akatwanga muhogo wa wengine kwa malipo, tena akaongeza sabuni ya kupima. Halafu ikaja mvua kubwa na choo cha jirani kikaanguka, bahati hakukuwa na mtu. Jirani akaanza kuchimba kingine palepale pembeni. Mzee wetu akasimama kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi, akamwambia: ukichimba hapo kitaanguka tena, udongo umeshachoka. Akaonyesha mahali pengine. Akashuka mwenyewe. Akatia miti ya kushika udongo, ile tunayoita boisage, kama anavyotia katika shimo la dhahabu, na akakata ngazi kwenye ukuta ili mtu aweze kupanda.

Watu walikuja kuangalia. Choo! Lakini choo kile hakikuanguka, na mvua iliyofuata iliangusha vingine. Wakaanza kumwita. Walimlipa kwa muhogo, kisha kwa chumvi, kisha kwa feza. Alichukua vijana wawili, mmoja Mbembe na mmoja mtoto wa hapa kwetu, akawafundisha kushika kamba, kuangalia nyufa, kupanda haraka udongo ukianza kudondoka. Alinunua baiskeli. Wanakijiji wakamtafuta awachimbie visima, na hapo ndipo alipokosea mara moja: alitoka bila karatasi, akashikwa, akalala ndani siku mbili. Tangu hapo hakutoka bila ruhusa, hata kama mteja aliongeza bei.

Tunamtaja kwa sababu alikuwa kama sisi wote. Hakungoja mtu ampe kazi ya jina lake. Aliangalia wale majirani wanakosa nini, na katika kile walichokosa akakuta kitu mikono yake ilikijua. Wengine walifundisha watoto. Masomo ya Wakongomani kambini yalifuata programu ya kwetu, kwa Kifaransa, mpaka mtihani wa Serikali, ndiyo maana baadhi yetu tuna cheti. Wengine walishona, walinyoa, walitengeneza redio. Na wengine walikunywa. Hao pia ni wa kwetu.

Tusisahau kwamba hatukuwa wa kwanza kutoka huku. Njia ya kutoka Kabambare kwenda ziwani na kuvuka mpaka Ujiji ni ya zamani, ya wakati wa pembe za ndovu na wa Tippu Tip. Wengine waliipita wakiwa wafanyabiashara na wapagazi, wengine wakiwa wamefungwa. Wajukuu wao wako kule mpaka leo, Ujiji, Kigoma, Tabora, Dar es Salaam, na Watanzania wanawaita Wamanyema kama kabila lingine lolote la inchi yao. Kariakoo kuna Msikiti wa Manyema. Watu wanajenga msikiti pale wameamua kuzikana. Sisi Nyarugusu tulifika kwenye jambo hilohilo baada ya kifo cha kijana mmoja asiye na jamaa. Tulizunguka siku nzima kutafuta sanda na mtu wa kusema jina la baba yake. Juma lililofuata tukaanzisha mutuelle: kila nyumba inatoa kidogo, hata kikombe cha maharagwe, kwa ugonjwa na kwa msiba. Likelemba ya akina mama ilikuwa imeanza kabla ya ile yetu, na ilikuwa na hesabu safi zaidi, tukubali. Wengi wa sendika yetu walijifunza kuandika daftari la michango pale.

Kisha ikaja habari ya Amerika. Kuanzia mwaka 2015 Marekani ilianza kuchukua Wakongomani wengi kutoka Nyarugusu, na jirani zetu wakaondoka nyumba kwa nyumba. Huku Kabambare watu wanafikiri mtu akifika kule ameshatajirika. Wenzetu wanaotupigia simu wanasema wengi wanafanya kazi katika viwanda vya nyama, kwenye baridi, kisu mkononi, mkono unafanya jambo moja tu masaa yote. Baba anaingia usiku, mama anaingia mchana, wanaachiana ufunguo. Na tiketi ya ndege ilikuwa mkopo. Wanairudisha kidogo kidogo baada ya kufika. Jamaa za huku hazijui hilo, zinapiga simu kila juma kuomba feza za bati ao za masomo, na mtu akikosa anaambiwa amebadilika.

Tunawaambia wenzetu wa kule jambo moja ambalo hawakuambiwa Kasulu: muko na haki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1935 inawaruhusu wafanyakazi kujiunga na sendika, na wa viwanda vya nyama wana yao kubwa. Mafunzo ya usalama yanapaswa kutolewa kwa lugha ambayo mfanyakazi anaelewa. Ukiona unatia sahihi karatasi usiyoielewa, omba mtu wa kutafsiri. Mchimbaji anajua: karatasi usiyoisoma leo ndiyo itasomwa siku umeumia.

Mlango ule nao ulifungwa. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na safari zikafutwa. Jamaa moja tunayoijua ilikuwa imeshauza vitanda na baiskeli. Sasa inanunua tena, kimoja kimoja, kwa bei ya juu.

Yote hayo tulimwambia mzee, yeye akisikiliza bila kukata maneno. Akauliza: si wanasema sasa tuko Jumuiya moja, ya Afrika Mashariki? Ni kweli, Congo imeingia mwaka 2022. Lakini jumuiya si ruhusa ya kazi. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 juu ya ajira ya wageni, na mgeni anahitaji kibali. Tukamshauri mtoto atengeneze pasipoti kwanza, abebe cheti chake cha masomo, na asimlipe mtu yeyote anayeahidi kazi kwa mdomo. Tukamwandikia majina ya watu wawili wa kwetu wanaoishi Kigoma kwa karatasi halali, mmoja fundi wa baiskeli, mwingine mama muuza samaki, ili afikie kwa mtu, asifikie barabarani.

Kijana alikuja mwenyewe siku mbili baadaye. Ni mrefu, ana kovu la sururu kwenye mguu. Tulifikiri angeuliza mshahara. Aliuliza kama tungemfundisha kusema shikamoo vizuri, akasema pia kwamba mama yake anataka kujua kama Kigoma watu wanatia mawese ndani ya ile kisamvu yao.