Usitie Dole Gumba Kabla ya Kusomewa

Kwetu Shinyanga na Geita mtu akisikia neno mwanasheria hufikiri mara moja habari za kesi, hakimu na gereza. Kwa hiyo wengi humwendea wakiwa wamekwisha kuumia. Yafaa tujue ya kuwa kazi yake iliyo bora ni ile ifanyikayo kabla ugomvi haujazaliwa.

Mtazameni Profesa Issa Shivji, aliyezaliwa Kilosa mwaka 1946. Alianza kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, akaendelea kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimweka kuwa mwenyekiti wa Tume ya Ardhi. Tume hiyo haikukaa ofisini ikingoja barua. Ilizunguka mikoani, ikawasikiliza wakulima na wafugaji wenyewe katika mikutano ya hadhara. Mwaka 1994 alishiriki kuanzisha HakiArdhi, shirika lisilotafuta faida, ili wanavijiji wazijue haki zao za ardhi.

Si mapendekezo yote ya Tume yaliyokubaliwa na Serikali. Lakini mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Kwa sheria hiyo, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi pasipo kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Tena baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake.

Je, haya yatuhusu nini sisi wa nchi ya dhahabu? Yatuhusu sana. Dhahabu ikionekana katika shamba la mihogo, wageni hufika kabla jua halijatua. Mmoja ana leseni, wa pili ana fedha za kuchimbia duara, wa tatu ana nguvu za mikono, na mwenye shamba ana shamba lake tu. Hupatana kwa mdomo jinsi mifuko ya mawe itakavyogawanywa. Mawe yakiwa matupu, hakuna ugomvi. Dhahabu ikitoka, kila mtu ayakumbuka mapatano kwa namna yake.

Jueni basi: kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ya uchimbaji mdogo ni ya miaka saba, na yatoa haki ya kuchimba madini. Haimfanyi mwenye leseni kuwa mwenye shamba.

Kwa hiyo, kina baba na kina mama, shikeni mambo matatu. Mapatano yaandikwe kwa Kiswahili, mbele ya mashahidi, na kila upande ubaki na nakala yake. Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini kabla ya kutia dole gumba. Tena mume asiweke sahihi juu ya shamba la jamaa mkewe asijue.

Je, fedha za wakili hakuna? Tangu mwaka 2017 iko Sheria ya Msaada wa Kisheria, na asiye na uwezo aweza kusaidiwa bure. Ulizeni katika ofisi za wilaya ni nani wasaidizi wa kisheria walioandikishwa, kisha chama chenu cha wakulima au wachimbaji kimwalike mmoja aje kufundisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ni shilingi chache. Shamba la watoto halina bei.